Nilimchoma Mama Yake Nyokabi Huku Akitazama

Bwana Mhariri, ukilitia jina langu gazetini nitakuja mwenyewe mpaka mlangoni kwako. Sijifichi kwa kuogopa aibu. Aibu ninayo ya kunitosha. Najificha kwa sababu mume wangu ni karani wa reli hapa Nakuru, na majirani zetu wa landi, hizi nyumba za wafanyakazi wa reli, jioni hawana kazi ila kutafuna jina la mtu.

Haya. Nimekosa. Sitaki kuzunguka. Nilimkosea mtoto yatima mchana kweupe, akili zangu timamu, nimetoka kusali, mikono bado inanukia sabuni. Na nilipokwisha kumkosea, akina mama wa kanisa walinisifu! Wakanipa chai! Nikanywa!

Hiyo chai haijanishuka mpaka leo.

Mimi nimesoma sekondari. Katika landi yetu wanawake waliofika huko ni wachache sana, na nilikuwa nikitembea kama mtu anayelijua hilo. Siwaambii ili mnisifu. Nawaambia mjue kwamba ujinga wangu haukutokana na kukosa shule.

Misheni moja ilikuwa imechukua nyumba ya zamani ya setla, nje ya mji kwa upande wa Njoro, ikaigeuza kuwa makao ya watoto wasio na wazazi. Wengi walikuwa watoto wa vibarua wa mashamba ya huko juu, waliobaki peke yao katika miaka hii ya Hali ya Hatari. Bibi Mzungu aliyesimamia makao alitaka mwanamke Mwafrika aliyesoma na aliyeokoka, akae na watoto mchana. Kazi yenyewe ilikuwa kucheza nao na kuomba nao.

"Matumbo yao tunayalisha," aliniambia. "Wewe lisha mioyo."

Nikasema ndiyo. Nilisema upesi, kama mtu anayejua mioyo inalishwa nini.

Siku hiyo hiyo ya kwanza alinieleza habari ya kila mtoto, mmoja mmoja. Alinieleza na habari ya msichana nitakayemwita Nyokabi, ingawa si jina lake. Wekeni hilo kando, nitarudi kulichukua. Niliambiwa.

Basi nikaanza kucheza nao. Mchezo kwangu mimi ulikuwa filimbi! Netiboli, kuruka kamba, nyimbo za kupiga makofi, kama tulivyofundishwa shuleni. Watoto wakacheza kama wafungwa. Ukimrushia mpira anaushika, anakurudishia, anasimama kungoja amri. Hakuna anayecheka. Hakuna hata anayeiba zamu ya mwenzake! Nikarudi nyumbani nikamwambia mume wangu kwamba hawa watoto hawana shukrani.

Na sala ndiyo ilikuwa mbaya zaidi. Sisi tuliookoka tuna kanuni moja, na wengi wenu mnaosoma hapa mnaijua kwa sababu mmewafunga nayo wenzenu midomo: anayepiga mayowe katika matanga amepungukiwa na imani. Marehemu amelala kwa Bwana, wewe unalilia nini? Mayowe ni ya wapagani. Basi mtoto akianza kutokwa na machozi kwenye sala ya jioni nilikuwa namwambia, "Mama yako yuko mbinguni anafurahi. Watoto wa Yesu hawalii."

Wakanyamaza. Loo, walinyamaza vizuri sana! Nikadhani hiyo ndiyo amani.

Ujinga huo sikuuokota njiani. Nilipewa. Kabla ya kijana wangu Elija nilizaa msichana. Aliishi mpaka akajua kucheka, halafu homa ikamchukua. Mama Rutha, mkubwa wa akina mama wa kanisa letu, aliketi kitandani kwangu akanishika mkono. "Mama, usilie," akasema. "Ukilia unamwambia Mungu amekosea." Walipokwenda kumzika walinifungia ndani, ati nisije nikaleta aibu kaburini. Sikulia. Wakanisifu siku hiyo pia. Nimezoea kusifiwa, mimi.

Sasa Nyokabi. Meno ya mbele yalikuwa yamemtoka na hayajaota tena, kwa hiyo akiongea alifunika mdomo kwa kiganja. Aliongea mara chache. Lakini Elija, ambaye nilikwenda naye kazini kila siku, alimganda kama kupe. Alikuwa na miaka mitatu. Nyokabi alimbeba mgongoni kwa kipande cha blanketi, akampulizia uji, akamfuta kamasi kwa nguo yake mwenyewe. Nikimwita Elija kwangu ananiambia, "Hapana! Kwa Nyokabi!"

Siku moja Nyokabi aliniletea kikombe, akasema, "Mama, shika." Si "Mwalimu". Akashtuka, akajifunika mdomo kwa mikono yote miwili.

Nikamwambia, "Si vibaya."

Jioni nikamwambia mume wangu nataka tumchukue awe wetu. Akacheka. "Tuna chumba kimoja, na jikoni tunagombania nafasi na jirani. Huyo utamtundika ukutani?" Kisha akamtazama Elija aliyekuwa amelala, akasema, "Mlete. Huyu bwana mdogo amekwisha mleta zamani, kila usiku anamwita."

Bibi Mzungu akakubali. Tukapatana aje mwisho wa mwezi. Nyokabi akaambiwa. Alikwenda akakunja nguo zake, akazifunga pamoja, akaziweka kwenye kichwa cha kitanda. Kila asubuhi anavaa, anafunga tena, anaweka palepale. Tayari kuja kwangu!

Ndiye mtoto huyo niliyemfanyia haya.

Ilikuwa mchana wa upepo, ule upepo unaotuletea vumbi jeupe la magadi kutoka ziwani, macho yanawasha mpaka unaona kila kitu kwa hasira. Nikapuliza filimbi. Hakuja mtu. Elija hayupo, watoto hawapo. Ndipo nikasikia mayowe nyuma ya tangi la maji. Mayowe ya matanga kabisa, yale ya wanawake waliotupa mikono kichwani! Nikakimbia nikijua mtoto amekufa maji.

Walikuwa wamekaa duara. Wasichana wamejifunga matambara kichwani. Mvulana mmoja, kijana mnene mwenye maneno mengi, amevaa gunia kama joho la padre na ameshika kipande cha ubao kama Biblia. Kando, msichana mdogo anakoroga matope ndani ya kopo, na waombolezaji wanapokea "chai" wakisema asante, pole sana, asante.

"Lia, wewe!" Nyokabi alikuwa anamwambia mmoja. Hakuwa amefunika mdomo. Sauti yake ilikuwa kubwa, sikupata kuisikia hivyo. "Wewe ni dada yake. Dada analia hivyo? Hata mbuzi amekushinda!"

"Tumalize," akasema padre. "Nataka kumfufua kabla ya uji."

"Hakuna kuharakisha. Mama ndiye ataamka kwanza. Halafu yeye ndiye atamwamsha mtoto."

"Lazaro hakuamshwa hivyo."

"Lazaro alikuwa peke yake! Hawa ni wawili. Nyamaza, wewe ni padre tu."

Lazaro! Ni mimi niliyewafundisha Lazaro, juma lile lile. Nilikuwa nimewafundisha wakakaa kama mawe, nikadhani hakuna aliyesikia.

Katikati ya duara kulikuwa na shimo. Ndani ya shimo alilala Elija wangu, macho amefumba, majani usoni, udongo tumboni. Juu ya kifua chake wamelaza gunzi la mahindi lililofungwa blanketi, lenye nywele za mahindi na kitambaa kichwani, na mikono ya Elija imelikumbatia.

Elija alikuwa anabana kicheko. Tumbo lilikuwa linapanda na kushuka. Mtu mwenye macho angeona mtoto anayefurahi.

Mimi sikuwa na macho. Niliona lile kaburi nililokatazwa kuliona.

Nikamnyakua Elija. Nikampiga Nyokabi kofi, na hilo kofi, nawaambia, si kosa langu kubwa. "Shenzi! Mnamzika mtoto wangu? Mnamchezea Mungu?"

"Tulikuwa tunamfufua, Mwalimu," akasema padre, na gunia linamwanguka.

"Nani aliwafundisha uchuro huu? Hapa ni makao ya Kikristo!" Nikalichukua lile gunzi.

"Mwalimu, nipe," akasema Nyokabi. "Huyo ni mama."

"Mama yako yuko mbinguni! Hili ni gunzi!"

Nikaenda nalo moja kwa moja mpaka kwenye pipa la maji ya kuogea, ambalo chini yake moto wa kuni ulikuwa unawaka. Watoto wote wakanifuata, na Elija kwapani mwangu analia. Nyokabi amenishika sketi, anavutwa kama ndama.

"Mama, usimtie hapo. Mama. Mzike popote. Usimtie hapo, Mama!"

Aliniita mama. Katika kuniomba aliniita mama, na sikusikia! Nikalitupa.

Sasa nitarudi kuchukua lile nililowaambia mweke kando.

Niliambiwa! Siku ya kwanza niliambiwa kwamba baba yake Nyokabi alichukuliwa na lori la askari na habari zilizorudi zilikuwa za kifo. Niliambiwa kwamba baadaye nyumba za nyasi za vibarua kwenye shamba lao ziliungua moto, na mpaka leo hakuna aliyesema ni nani aliyewasha. Mama yake alimtoa Nyokabi nje, akarudi ndani kumchukua mdogo wake wa kiume. Hakutoka. Asubuhi hapakuwa na cha kuzika, na waliobaki walikuwa wanapakiwa kuhamishwa. Hapakuwa na kaburi wala padre. Hakuna aliyelia kwa sauti, hakuna aliyepewa hata kikombe cha chai.

Basi mtoto alikuwa amejifanyia mwenyewe. Alikuwa amempa mama yake mwili. Amempa mtoto wake mikononi. Amempa kaburi, waombolezaji, chai, padre, na mwisho ufufuo, kwa sababu mimi mwenyewe nilimwambia kwamba Bwana wetu anafufua! Aliniamini kuliko mimi nilivyojiamini. Kazi ile niliyoajiriwa kuifanya, kucheza na kuomba, mtoto yule alikuwa anaifanya nyuma ya tangi kwa gunzi, na wenzake walikuwa wanacheza kwa mara ya kwanza tangu niwajue.

Na hapa ndipo kosa langu lilipo, ninyi mnaotaka kujua. Nilikumbuka! Nilikumbuka wakati gunzi limeshika moto upande mmoja tu. Blanketi lilikuwa bado. Kijiti cha kuchochea kilikuwa karibu na mguu wangu. Ningeweza kulitoa!

Sikulitoa. Watoto wote walikuwa wananitazama. Nikaona nikiinama nikalitoa, watasema Mwalimu ameshindwa. Nikasimama wima, mtu aliyesoma, nikamwacha mama yake Nyokabi akaungua mara ya pili.

Nyokabi hakulia. Aliachia sketi yangu. Akauliza, kwa sauti ya kawaida kabisa, kama mtoto anayeuliza darasani:

"Sasa atafufuka na nini?"

Jumapili Mama Rutha alinikumbatia mlangoni mwa kanisa. Habari zilikuwa zimefika. "Umefanya vyema, Mama Elija! Watoto wale wametoka gizani, ukiwaachia wataleta mambo ya giza." Wakanikalisha, wakanimiminia ile chai. Mmoja akauliza kama mtoto alilia. Nikasema hapana. "Unaona!" akasema Mama Rutha. "Amepona."

Amepona! Mama Rutha, najua utasomewa gazeti hili. Ninakuambia mbele ya watu: hukumponya mtu, na mimi hukuniponya. Ulinifunga jiwe kifuani ukaliita imani, na mimi nikaenda kuwafunga nalo watoto wasio na wa kuwatetea.

Nilijaribu kutengeneza. Nikaenda dukani kwa Mhindi nikanunua mtoto wa sanamu, wa kizungu, macho ya buluu, anafumba na kufumbua. Nikampelekea Nyokabi kama mtu anayelipa ng'ombe aliyemgonga. Alimgeuza, akamtazama chini ya nguo, akanirudishia.

"Huyu ni mtoto," akasema. "Mama yangu alikuwa mtu mkubwa."

Mwisho wa mwezi ukafika. Mume wangu akavaa koti, tukaenda kumchukua. Nguo zake hazikuwa zimefungwa. Zilikuwa zimetandazwa kitandani, moja moja, kama za mtu anayekaa.

Mume wangu akachuchumaa mbele yake. "Binti yangu, twende nyumbani. Elija anakungoja, amekataa kula."

Nyokabi akafikiri. "Kwenu mnapika na nini?"

"Makaa."

"Basi kuna moto."

Mume wangu akacheka kwa upole. "Kila nyumba ina moto, binti yangu."

Nyokabi akainua uso akanitazama, mimi niliyesimama mlangoni na mkoba wangu.

"Ndiyo," akasema. "Lakini huyu anatia watu."

Mume wangu hakucheka tena. Tulirudi mjini, na mpaka leo ipo siku ananitazama nikichochea jiko, halafu anageuza macho.

Bibi Mzungu aliniambia kwamba Nyokabi halii, haongei, na hagusi uji kama mimi nipo. Akaomba niache kazi. Niliacha. Baadaye nikasikia amehamishiwa makao mengine, upande wa Naivasha. Nilituma salamu. Sikujibiwa, na ni haki yangu nisijibiwe.

Elija hatukumwambia kitu. Tulifanya lile lile! Tulisema ni mdogo, atasahau. Kila mtoto aliyepita na blanketi alimkimbilia, halafu anarudi.

Halafu juzi nilimkuta nyuma ya nyumba, karibu na bomba la maji, amechimba kwa kijiko changu. Ndani ya shimo kuna gunzi. Hajalivika nguo, amelifunika kwa soksi ya baba yake.

"Ni nani huyo?" nikamwuliza.

"Nyokabi. Amekufa."

Mkono wangu ukaondoka! Naapa mbele ya Mungu, mkono ulikuwa umekwisha kwenda kulinyakua. Nikaushika kwa mkono wangu mwingine.

"Kaa," akasema Elija. Nikakaa, kwenye matope, na nguo yangu ya kanisani. Akanipa chai ya matope kwenye kifuniko cha kopo. Nikasema asante, pole sana. Alijua yote. Alikuwa amesoma vizuri kwa mwalimu wake.

"Sasa lia, Mama."

Nikafanya hu-hu-hu kidogo, kama watu wakubwa wanavyocheza na watoto.

Akaniangalia kwa dharau. "Lia vizuri."

Basi nikalia. Nilianza kwa Nyokabi nikamaliza kwa msichana wangu aliyezikwa mimi nimefungiwa ndani. Nikatupa mikono kichwani. Nikapiga mayowe mpaka wanawake wa landi wakatoka na miko mikononi, na mmoja akauliza, "Kuna msiba?" Nikamwambia, "Upo! Upo siku nyingi!"

Elija akaomba. Aliomba maneno mawili tu: Yesu, mwamshe. Kisha akalifukua, akalipangusa, akalipeleka ndani akalilaza kitandani. Gunzi limefufuka. Nyokabi hajarudi.

Sasa ninyi. Ndiyo, ninyi mnaokwenda kwenye makao ya yatima Jumapili na peremende mfukoni. Mnawapanga mstari wawaimbie. Mnamwuliza mtoto kama anampenda Yesu kabla hamjamwuliza mama yake aliitwa nani. Kaeni nyumbani! Kuleni peremende zenu!

Na wewe uliyepewa kazi ya kuwalea, usinitumie salamu za kunihurumia, sizitaki. Waache wazike. Waache wafufue. Ukiitwa kukaa, kaa kwenye udongo unywe chai utakayopewa, na ukiambiwa ulie, lia vizuri. Na ukimkuta mtoto ameshika gunzi analiita mama, iweke mikono yako mgongoni, uifunge huko, mpaka amalize.